Nilivyomuuguza Dilip Huko Tooting

Kama hivi sasa umekaa kwenye kiti kigumu nje ya wodi, unamngojea mtu ambaye huwezi kusema mbele za watu ni nani wako, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakufundisha udaktari. Sikuujua wakati ule na siujui hata leo. Ninachokijua ni kuuguza, kungoja, na kunywa chai ya hospitali bila kukunja uso, na hilo la mwisho lilinichukua muda mrefu kuliko yote.

Mimi ni Nassor, mzaliwa wa Unguja, na kwa miaka mingi nilikuwa kondakta wa basi Landani ya kusini. Dilip alikuwa Mhindi wa Kisumu. Alikuja na wale Wahindi wa Kenya waliofunga mizigo haraka haraka kabla Waingereza hawajawafungia mlango. Tuliishi pamoja mtaa wa Tooting, ghorofani juu ya duka la viatu: sebule, chumba cha kulala na jiko la kugeukia kwa zamu. Majirani walitujua kama wapangaji wawili wanaogawana kodi. Sisi wenyewe tulijua tulivyo. Sheria ya nchi ilikuwa imelegea kidogo kwa watu kama sisi, lakini jamaa zetu hawakulegea, wake wala wangu, kwa hiyo tulinyamaza na tukaishi vizuri.

Nilimwona mara ya kwanza ndani ya basi langu, katika baridi yake ya kwanza. Alivaa suti nyembamba ya kahawia iliyoshonwa Kisumu kwa ajili ya harusi ya mtu, mikono kaificha kwapani, anajisemea mwenyewe: "Hii baridi haina adabu." Nikasimama mbele yake na mashine yangu ya tiketi nikamwambia, "Haina, bwana, na wala haitambui mgeni." Akainua uso. Sikuwahi kuona mtu akifurahia Kiswahili namna ile. Alipanda kwenda mwisho wa njia, na hakushuka, akarudi na basi hilo hilo mpaka alikotoka. Miaka yote nilimtania kwamba alinipendea hita ya basi. Naye alinijibu kwamba basi lenyewe halikuwa na hita, na hapo alisema kweli.

Jumamosi tulikwenda sokoni. Alikuwa na maringo ya kuchagua bilingani, analibonyeza na kuligonga kwa kidole kama anayenunua ngoma. Akishabishana na mwenye duka kwa Kigujarati, hunigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, "Huyu mzee ni mwizi, twende zetu." Tulifanya hivyo wiki nyingi, hadi siku moja yule mzee alipotuambia taratibu, "Vijana, mimi nimezaliwa Mwanza." Tulicheka mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo mzee alituwekea mabilingani mazuri pembeni, na Dilip hakuacha kuyagonga.

Ugonjwa ulianza majani yalipoanza kupukutika. Kwanza ilikuwa uchovu. Alikuwa akichora ramani za majengo katika ofisi moja Croydon, na akirudi alilala na viatu. Kisha nikaanza kuona madoa ya buluu mapajani na mgongoni, kama mtu aliyepigwa. "Umegombana na nani?" nikamuuliza. Akasema alijigonga mezani. Mtu hajigongi meza mgongoni. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akanijibu kwamba sisi watu wa Unguja tuna methali kwa kila kikohozi. Wiki iliyofuata damu ilimtoka puani juu ya ramani ya watu na haikutaka kukatika. Wenzake wa ofisini ndio waliompeleka hospitali.

Walimtoboa mfupa wa nyonga kutoa uboho. Tulingoja majibu siku nyingi, na kama nawe unangoja sasa, nakwambia kweli kwamba kungoja kulinitesa kuliko majibu yenyewe. Ilikuwa saratani ya damu. Dilip aliniambia akiwa anafunga kamba za viatu, hakuniangalia. Nilikaa kitandani kando yake. Nilitaka kusema neno la maana, lakini nililopata ni kumwambia kiatu cha kushoto kimefunguka tena.

Akalazwa kwa dawa ya kwanza. Siku niliyokwenda kumtazama baada ya zamu yangu, saa za kuonana zilikuwa zimepita. Sista wa wodi, mwanamke wa Ireland mwenye sauti ya kijeshi, alinizuia mlangoni. "Wewe ni nani wake?" Nikasema rafiki. Akasema saa hizi ni ndugu tu. Kupitia kioo cha mlango niliuona mguu wa Dilip ukitoka nje ya blanketi, na alikuwa mtu wa kuona baridi. Nilirudi nyumbani na mguu ule machoni. Ndipo nilipofahamu kwamba mlango huu utanisumbua kuliko ugonjwa. Siku yoyote angeweza kufa upande wa pili wa kioo, na mimi nimesimama na kofia ya kondakta mkononi.

Ndugu aliyetambuliwa alikuwa Harish, kaka yake mkubwa, mwenye duka la vitambaa Croydon. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na tabia ya kutazama juu ya kichwa changu, kama anayesoma namba ya basi. Kwa miaka alikuwa akimletea Dilip picha za mabinti kutoka Leicester, na Dilip akizirudisha kwa adabu, huyu mrefu, yule mfupi. Harish alinijua kama mpangaji mwenzake Dilip na hakutaka kujua zaidi.

Dawa ya kwanza ilimchukua nywele. Alikuwa na nywele nyeusi, nzito, akizipaka mafuta ya nazi kila asubuhi, na mto wangu ulikuwa ukinukia mafuta hayo. Zilitoka kwa mafungu. Akaniomba nimnyoe zilizobaki, nikamnyoa sebuleni, amejifunika taulo. Alipojiona kwenye kioo akasema, "Sasa nafanana na baba." Kisha akalia, nami nikalia, na wembe bado mkononi mwangu. Mdomo ulimwota vidonda hata mate yalimuuma. Pilipili, aliyoipenda kuliko nilivyopendwa mimi, ikawa mwiko. Nilimpikia uji wa mchele kwa tui la nazi, nikaupoza kabisa, nikamlisha kwa kijiko cha mtoto. Wakati wa vidonda, chakula cha baridi ndicho kinachopita. Hilo hakuniambia daktari. Tulilipata kwa kujaribu.

Walikuwa wamemruhusu arudi nyumbani apumzike kabla ya dawa nyingine, na katikati ya baridi mama yake akafika kutoka Kisumu. Sote tulimwita Ba, ndivyo wanavyoita mama kwa Kigujarati. Alikuwa mjane, mdogo wa umbo, amevaa soksi za sufu ndani ya kandambili. Harish alimtoa uwanja wa ndege na kumleta moja kwa moja kwetu. Ba hakujua Kiingereza. Lugha niliyoweza kusema naye ni Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na dukani, maneno ya kumwagiza mtu: leta, toa, safisha. Alimkumbatia mwanawe, akamlilia, akamshika kile kichwa kitupu. Kisha akageuka, akaniona mlangoni mwa jiko, Mwafrika aliyevaa aproni na mwiko mkononi.

"Chai," akaniambia. "Sukari kidogo. Haraka."

Dilip akataka kuinuka. Uso ulimwiva kwa aibu. Nikamkonyeza atulie, nikaenda kutengeneza chai. Harish alisikia na hakumsahihisha mama yake, maana lilimfaa hilo. Walipoondoka kwenda kwa Harish, Ba alikofikia, Dilip alinikasirikia.

"Mbona hukumwambia wewe si boi?"

"Ningemwambia mimi ni nani?"

Akageukia ukutani.

"Sikiliza, Dilip. Rafiki hupewa saa za kuonana. Boi huingia kila chumba."

Ikawa hivyo. Aliporudi wodini kwa dawa ya pili, Ba alimwagiza Harish amweleze sista kwamba mimi ni mtu wa nyumbani, wa kumtunza mgonjwa, niruhusiwe saa yoyote. Sista aliniangalia kwa muda. Alikuwa amekwisha kuniona nikimpaka mafuta ya mgando midomoni kwa kidole, na sidhani kwamba alidanganyika. Akasema, "Basi mtu wa nyumbani alete na soksi, miguu yake haipati joto." Sitaisahau fadhila hiyo. Utakutana na watu wa namna yake, na usiwaulize wamejua nini.

Nisijifanye malaika, maana iliniuma. Niliacha kwetu kwa sababu watu walitaka kunipangia nafasi yangu, nikavuka bahari kuja kuagizwa chai nyumbani kwangu mwenyewe. Ba akinyoosha kikombe bila kunitazama, kuna siku nilitamani kukiangusha. Lakini nikishika kikombe nilikuwa ndani ya chumba, na nilikotaka kuwa ni ndani ya chumba. Nikajikaza kisabuni.

Majira ya maua yalipofika, damu yake ilitulia. Daktari hakusema amepona, alisema ugonjwa umelala. Nywele zilianza kuota, laini kama za kitoto. Tulikwenda kukaa kwenye bustani kubwa ya Tooting, tukanunua aiskrimu, naye akala yangu na yake. Nikikumbuka maisha yangu yote, nadhani zile wiki ndizo nilizofurahi kuliko zote, na bado naona ajabu kusema hivyo. Alikuwa mwembamba, koti limemzidi, anawataja watu wa Kisumu waliokuwa wakimuudhi zamani, na amewasamehe wote isipokuwa mwalimu mmoja wa jiografia.

Siku moja pale pale kwenye benchi akaniambia, "Sheikh." Aliniita hivyo kwa kunitania, kwa kuwa nilikuwa nikisahau swala. "Nikifa, watu watakuja kumpa Ba pole. Watampa Harish pole. Mpaka wale wasichana wa Leicester watapewa. Wewe nani atakupa pole?"

"Nitajipa mwenyewe."

"Pole ya kujipa mwenyewe haishuki, bwana. Inakwama hapa," akasema, akajigusa koo.

Nikamwambia ale aiskrimu yake kabla haijayeyuka. Lakini neno lile liliniingia. Kufa kwake nilishaanza kukuzoea kidogo kidogo, kama unavyozoea maji ya baridi kwa kuanza na miguu. Kufiwa bila mtu kujua kwamba nimefiwa, hilo sikujua nitalibeba vipi.

Joto lilipokolea, homa ikarudi, na madoa yakarudi. Wakajaribu dawa ya tatu, ile iliyomfanya atapike hata maji. Mikono ilikwisha mishipa ya kudungwa, wakaanza kudunga miguuni. Alipungua hata saa yake ikawa inapanda mpaka kwenye kiwiko. Mimi pia nilipungua. Nilikuwa nalala kwenye basi tupu kituoni kati ya safari, na dereva wangu, mtu wa Barbados, aliniamsha kwa kugonga kioo na hakuniripoti hata mara moja. Kama unauguza, jilazimishe kula. Mimi sikula, nikaanguka siku moja kwenye ngazi za basi, tukawa wagonjwa wawili badala ya mmoja.

Majani yakaanza kupukutika tena. Mchana mmoja daktari mkubwa alitoka wodini akatukuta mimi na Ba kwenye viti vya korido. Harish alikuwa dukani. Daktari alisema jambo hili halifai kungoja, mama anapaswa kuambiwa leo, na kama nina lugha yake, nimwambie. Kisha akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba dawa zimeshindwa, hakuna nyingine, na baridi ikiingia huenda Dilip asiimalize. Akanigusa bega, akaenda zake.

Ba alikuwa ananitazama. "Daktari nasema nini?"

"Anasema dawa zimeshindwa, Ba."

"Iko dawa ingine?"

"Hakuna nyingine."

Akaishika ncha ya sari yake. "Basi yeye nakwenda nyumbani, nakula vizuri, napata nguvu."

Alitaka nimwambie ndiyo. Nilifungua mdomo nimweleze yale ya baridi, sauti ikanikatika. Nililia pale koridoni, mtu mzima, kofia ya kazi imeanguka chini, na sikuweza kujizuia. Nilifanya kazi ya kumwambia mama mtu mwanawe anakufa, na ikawa mimi ndiye wa kubembelezwa. Ba hakulia. Aliiokota kofia yangu, akaifuta vumbi, akaiweka mapajani mwake.

"Siku ya kwanza mimi naingia kwa nyumba yenu," akasema, "mimi naona kitanda iko moja. Boi hapana lala kwa kitanda ya bwana."

Nilidhani sasa ndiyo nafukuzwa.

"Mimi mama yake. Wewe nafikiri mimi hapana macho?" Akanirudishia kofia. "Enda. Osha uso. Dilip hapana ona wewe hivi."

Baada ya siku hiyo hakusema nami wiki nzima. Alipita mbele yangu kama ninavyopita mimi mbele ya mlango wa kanisa, kwa adabu lakini bila kuingia. Sijui alipambana na nini moyoni, wala sitajifanya najua. Nilimwona akiomba mbele ya picha ndogo ya mungu wake aliyoitegemeza kwenye jagi la maji, midomo inakwenda, macho yamefumba. Nilikuwa tayari kwa lolote isipokuwa kuondolewa.

Hospitali ikamruhusu Dilip arudi kwetu, kisha Harish akataka ahamishiwe kwake. Ni nyumba kubwa, mke wake yupo, watu wa dini watapata nafasi ya kuja. Alisema yote hayo sebuleni kwetu, akitazama juu ya kichwa changu. Dilip alikuwa chumbani, hana nguvu za kubishana. Niliwaza kwamba nyumba hiyo nitaingia labda Jumapili, kwa kupiga kengele, na nitapewa chai.

"Hapana," Ba akasema kwa Kiswahili, ingawa wenyewe husemeshana Kigujarati. Nadhani alitaka nisikie. "Dilip nakaa hapa. Mimi pia nakaa hapa."

"Ba, hapa hata nafasi hakuna. Na huyu atalala wapi?"

"Chini, karibu na kitanda. Usiku Dilip nataka maji, nani naleta? Mimi mzee."

Ba akahamia sebuleni kwetu na mafurushi yake, na jambo la kwanza alilofanya ni kusugua masufuria yangu yote kwa majivu na chumvi, kwa kuwa yalikuwa yamepikiwa nyama, na kwao nyama hailiwi. Nikaacha kuleta nyama nyumbani. Nilikula kantini ya depo ya mabasi, nikapiga mswaki kabla ya kupanda ngazi, na bado alikuwa akininusa na kuguna. Alinifundisha kupika kichiri, wali laini wa choroko, na hakuridhika nacho hata mara moja. Jioni tulikaa watatu chumbani. Dilip akimweleza Ba habari zangu kwa Kigujarati, akicheka kwa shida, na Ba akinikazia macho. Siku moja aliniambia, kama anayezungumza na sufuria, "Kwa Kisumu yeye hapana cheka hivyo."

Alikufa mchana, mvua inanyesha. Asubuhi aliniomba nifungue dirisha kidogo asikie mabasi. Tulikuwa na mchezo wetu, yeye akisikia injini mimi namtajia njia yake. Nilimtajia mawili, la tatu akalitaja mwenyewe, na alikosea, na nikamwambia amepatia. Baada ya hapo hakusema tena. Ba alimtilia mdomoni maji ya mto wao mtakatifu aliyoyaleta kwenye chupa ndogo, na jani la mrehani. Mimi nilikuwa nimeishika miguu yake, ndani ya soksi. Nilikuwepo. Nilichokiomba toka ule usiku wa kioo nilikipata, na nilimshukuru Mungu hapo hapo, kabla hata ya kulia.

Kisha nyumba ikajaa. Harish akaja na mkewe, wajomba, mashangazi, watu wa Croydon na wa Wembley. Wanawake walikaa chini sebuleni wakimzunguka Ba. Nami nilikuwa jikoni, nachemsha maji. Mtu mmoja alinipa kikombe kitupu, na mwingine, na mwingine, na nikajikuta ninawapelekea chai watu waliokuja kulilia kitanda nilichokuwa nikilalia. Siku ya kuchomwa maiti nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Harish alifanya yanayomhusu ndugu. Tulipotoka nje, mjomba mmoja mzee, mtu mpole, alinishika mkono akaniambia, "Umefanya kazi nzuri sana. Sasa utapata kazi wapi?" Nikamjibu ninayo kazi kwenye mabasi. Akasema vizuri, vizuri. Ba alikuwa katikati ya wanawake wa sari nyeupe na hakugeuka. Wakaingia magarini kwenda kwa Harish, kwenye msiba. Nikapanda basi.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, wewe uliyekaa kwenye kiti kile. Watu watakuambia kuuguza ndiko kugumu. Kuuguza kuna kazi yake, kijiko, soksi, shuka. Baada ya mazishi nilirudi kwenye nyumba isiyokuwa na kazi. Sikuwa na wa kumpigia simu. Nililala na koti juu ya kitanda na nilihisi kama maneno yake pale bustanini yamenikaba kooni kweli kweli. Nilifikiri sitaamka, na sikujali.

Kesho yake mchana, mlango wa chini ukagongwa. Nikauacha. Ukagongwa tena, mapigo ya mtu asiyekusudia kuondoka. Nikashuka. Alikuwa Ba, peke yake, sari nyeupe na juu yake koti la Harish linaloburuta, mkononi kashika chombo cha chakula cha bakuli zilizopandana. Mama yule hakuwahi kupanda basi peke yake. Alikuwa amemwambia kila kondakta "Tooting, Tooting" mpaka akafika.

Nilishtuka kwa jingine pia. Dilip alishanieleza kwamba kwao mwenye msiba haingii nyumba ya watu mpaka siku za msiba zipite.

"Ba," nikamwambia, "si mnakatazwa kuingia nyumba za watu wakati huu?"

"Nyumba ya watu, ndiyo," akasema. "Sogea, mimi napanda."

Akapanda ngazi polepole, anapumua kwa nguvu. Nami kwa mazoea nikaenda jikoni, nikawasha gesi nimchemshie chai. Akanifuata nyuma, akanyoosha mkono, akauzima moto.

"Hapana pika. Nyumba ya matanga hapana washa moto. Watu ya nje naleta chakula. Kwa Harish wanawake naleta, naleta, meza najaa. Mimi nauliza: kwa Nassor nani naleta?"

Jina langu hakuwahi kulitaja. Alinikalisha kwenye kiti, akafungua zile bakuli moja moja, akanipakulia kabla hajajipakulia yeye, akakaa chini mbele yangu kama wanavyokaa wanawake wenye msiba.

"Pole," akasema.

"Pole na wewe, Ba."

Hapo tukalia, yeye na mimi, mpaka tukachoka. Kisha akanisogezea sahani. Kichiri kilikuwa kimepoa njiani. Nilikila chote.